Dharura chuoni Tanga: anzeni na mlango wa nyuma

Chukueni tochi saa tano usiku, ingieni bweni lolote la chuo chenu, nendeni moja kwa moja hadi mlango wa nyuma na mjaribu kuufungua kutoka ndani. Mkikuta kufuli, ulizeni ufunguo uko wapi. Mara nyingi mtajibiwa kwamba anao mlezi, na mlezi analala nyumba nyingine, au kesharudi kwake Pongwe. Kazi inaanzia hapo. Mpango wa dharura uliopigwa muhuri na kuwekwa kabatini haumsaidii kitu mwanafunzi anayetikisa mlango gizani huku moshi ukishuka.

Nchi hii imeshazika watoto wake kwa mioto ya mabweni. Juni 1994 wasichana wapatao 40 waliungua Shauritanga, Kilimanjaro. Agosti 2009 wengine 12 walikufa Idodi, Iringa. Hizo zilikuwa shule za sekondari, lakini bweni la chuo halina tofauti: vitanda vya juu na chini, magodoro ya sponji, vyandarua, madirisha ya nondo. Sponji ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi huo humwangusha mtu kabla hajauona moto wenyewe. Muda wa kutoka ni dakika chache tu, kwa hiyo chochote kinachomchelewesha mtu mlangoni ni hatari sawa na moto.

Mlango na nondo

Milango ya nyuma hufungwa kwa sababu ya wezi, na hofu hiyo ni ya haki. Ukiamuru kufuli zitolewe bila kuweka kitu kingine, wiki hiyohiyo zitaibwa simu na kompyuta mpakato, na kufuli zitarudi. Fanyeni hivi:

1. Ondoeni kufuli, mfunge komeo la chuma upande wa ndani, linalosukumwa kwa mkono mmoja bila ufunguo. Liwe usawa wa kifua, si juu ya mlango.
2. Upande wa nje pasiwe na kitasa wala tundu la kushika.
3. Fungeni kengele ndogo ya betri inayolia mlango ukiachana na fremu, kama zile za madukani. Mwanafunzi akitoroka usiku au akimfungulia mgeni, mlinzi atasikia. Betri zijaribiwe kila wiki.
4. Mlango ufungukie nje. Watu 60 wakiusukuma mlango unaofungukia ndani, hakuna atakayeweza kuuvuta.

Hewa ya bahari hapa Tanga hula chuma haraka. Komeo lisiloguswa miezi miwili huganda kwa kutu, na siku ya siku halisogei. Kila Ijumaa lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, na kila mwezi lipakwe grisi. Msitumie mafuta ya kupikia: hukauka, hunasa vumbi, mwishowe hugeuka ulimbo.

Ikiwa uongozi haujakubali kuondoa kufuli, basi mlezi mwenye ufunguo alale ndani ya bweni hilo, na ufunguo wa pili utundikwe kwenye kisanduku cha mbao karibu na mlango. Kisanduku kifungwe kwa uzi mwekundu tu. Kila asubuhi mlinzi anautazama uzi: ukiwa umekatika, aulize. Msiweke kioo na nyundo, maana nyundo haitamaliza muhula. Lakini hii ni njia ya muda. Kutafuta tundu la kufuli kwenye moshi, mikono ikitetemeka, ni kazi asiyoiweza hata mwenye ufunguo.

Madirisha ya nondo yanahitaji fundi wa kuchomelea. Kila chumba cha chini kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zimekatwa na kuwekwa bawaba, nafasi ya sentimita 60 kwa 60 hivi, na pini ya kuchomoa kwa ndani. Pini ifungwe kwa mnyororo mfupi isipotee. Ghorofani dirisha la namna hiyo halitoshi, kwa sababu watu wataruka. Ghorofa inahitaji ngazi ya pili, nayo isigeuzwe stoo ya magodoro mabovu na viti vilivyovunjika. Hilo la stoo ndilo kosa mtakalolikuta mara nyingi kuliko yote.

Kengele, mahali pa kukutania, na hesabu

Kengele ya umeme hunyamaza umeme ukikatika, na moto ulioanzia kwenye nyaya hukata umeme mapema. Tundikeni rimu ya gari na kipande cha nondo nje ya kila jengo. Ya vipindi hupigwa kwa kuhesabu. Ya dharura ipigwe mfululizo bila kuacha mpaka watu watoke. Kila korido iwe na watu wawili wenye filimbi, kwa sababu mmoja anaweza kuwa amesafiri. Kazi yao ni kugonga kila mlango wakipita kuelekea nje. Hawarudi ndani.

Mahali pa kukutania pawe mbali na jengo, hatua 60 au zaidi, pasiwe njia ya gari la zimamoto wala chini ya nyaya za umeme. Msichague kivuli cha mnazi au mwembe mkubwa. Dharura nyingine ni upepo, na upepo huangusha nazi na matawi. Uwanja wa mpira unafaa. Kibao kiandikwe kwa rangi inayosomeka kwa tochi.

Kisha hesabu, na hapa ndipo vyuo vingi hukwama. Orodha ya ofisi inasema chumba kina watu wanne. Usiku wanalala saba, kwa sababu wanafunzi hubebana: mwenye kitanda humsitiri mwenzake aliyekosa nafasi. Kila mtu analijua hilo isipokuwa karatasi. Moto ukitokea, askari wa zimamoto wataambiwa wanne wametoka, wote wako salama, na watatu watabaki ndani bila mtu wa kuwauliza.

Kwa hiyo wekeni orodha mbili. Ya ofisi ibaki ya ofisi. Ya pili ishikwe na viongozi wa korido, iandike majina ya wanaolala kweli, na uongozi utamke waziwazi kwamba orodha hiyo haitatumika kumwadhibu wala kumdai mtu. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, orodha itakuwa ya uongo milele. Iandikwe kwenye karatasi, ndani ya mfuko wa nailoni, irekebishwe kila Ijumaa jioni na kuonyesha waliokwenda makwao. Kwenye uwanja kila chumba kijihesabu chenyewe kwanza: mwenzako wa kitanda cha juu unamfahamu kuliko mlezi anavyomfahamu.

Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona au asiyesikia apewe wenzake wawili waliokubali kwa hiari, na apangiwe chumba cha chini karibu na mlango. Asiyesikia hataamshwa na rimu; lazima aguswe.

Mitungi ya kuzimia moto

Mtungi wa unga mkavu wa kilo 6 unafaa mabweni, na wa CO2 (hewa ya ukaa) unafaa chumba cha kompyuta na cha swichi kuu. Mtu asitembee zaidi ya mita 20 hivi kuufikia. Utundikwe, mpini wake usizidi mita moja na nusu kutoka sakafuni. Ukisimamishwa chini, maji ya kupigia deki hukaa chini ya kitako chake, na kwa chumvi ya hapa kitako huoza kwa siri huku sehemu ya juu iking'aa.

Ukaguzi wa kila mwezi hauhitaji fundi. Tazama mshale: uwe kwenye kijani. Tazama pini na kifungo chake. Pitisha kidole kwenye kitako na kwenye mdomo wa mpira, maana nyigu na buibui hujenga humo. Kisha upindue mtungi wa unga chini juu mara mbili tatu, kwani unga ukikaa muda mrefu hushikana na kugeuka bonge. Mtungi wa CO2 hauna mshale. Hujulikana kwa kupimwa uzito. Fundi aje mara moja kwa mwaka.

Kuutumia: vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto na si kwenye ndimi zake, bana mpini, fagia kushoto na kulia ukiwa mita mbili hivi. Watu wengi hushindwa pini kwa sababu wanabana mpini huku wanavuta, na mpini ukibanwa pini haitoki. Shika mtungi kwa chini, vuta pini kwanza. Dawa huisha kwa sekunde 15 hadi 20, kwa hiyo usianze kuimwaga ukiwa mbali. Ule mdomo mpana wa CO2 usishikwe kwa mkono mtupu, hugandisha ngozi.

Pambana na moto ikiwa tu hauzidi kiuno chako, mlango wa kutokea uko nyuma yako, na mtu mwingine keshapiga kelele. Vinginevyo toka, funga mlango wa chumba nyuma yako. Mlango wa mbao uliofungwa huwapa wengine dakika za kutoka, ulioachwa wazi huuachia moto na moshi korido nzima. Maji yasimwagwe kwenye umeme wala kwenye mafuta ya kukaangia. Sufuria ya mafuta ikiwaka, zima jiko, funika kwa mfuniko, usiibebe.

Ukiwa umefungiwa na moshi, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue: ziba chini kwa kanga au taulo lililolowa, nenda dirishani, piga kelele na utikise nguo nyeupe. Ukiwa wa baridi na korido ina moshi, tambaa. Hewa ya chini ni safi zaidi.

Moto unapotoka vyumbani

Vyanzo vinajulikana: hita ya koili iliyosahaulika kwenye ndoo mpaka maji yakakauka, jiko la koili lililofichwa chini ya kitanda likiwa bado la moto baada ya mlezi kubisha hodi, ekstensheni iliyounganishwa kwenye ekstensheni nyingine, simu inayochajiwa chini ya mto, dawa ya mbu ya kuchoma iliyowekwa karibu na chandarua, mshumaa.

Tangazo la kupiga marufuku majiko peke yake huongeza hatari, kwa sababu jiko huenda mafichoni. Mwanafunzi atakula nini? Chuo kitenge banda la kupikia, lenye meza ya zege, plagi zenye swichi yake ya kujikata, na nafasi ya mitungi ya gesi nje ya ukuta. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini. Banda liwe na matundu usawa wa sakafu. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi ndani usiwashe wala usizime taa. Fungua milango, funga koki, toka.

Simu

Zimamoto na Uokoaji ni 114. Polisi 112. Gari la wagonjwa 115. Namba hizi ziandikwe ukutani pamoja na ya mlinzi wa geti na ya zahanati ya chuo. Aliyeingiwa na hofu husahau hata jina la barabara, kwa hiyo chini ya namba bandikeni maneno ya kusema, mkiyajaza kwa kila jengo:

"Moto. Bweni la wasichana, ghorofa mbili, chuo fulani, Raskazone. Unawaka chumba cha chini upande wa bahari. Kuna watu ndani ghorofa ya kwanza. Ingieni geti la nyuma, njia ya vumbi. Mtu mwenye tochi atakuwa barabarani."

Usikate simu mpaka aliyepokea akwambie. Mlinzi mmoja akimbilie barabara kuu kuliongoza gari. Na kabla ya siku hiyo, pimeni geti: upana wa mita 4 usio na bodaboda zilizoegeshwa, na kimo cha mita 4 na nusu. Vyuo hupenda kujenga tao lenye jina lao juu ya geti, na tao fupi huliacha gari nje. Jueni pia maji yatatoka wapi. Simtanki mbili za lita 5,000 zenye koki ambayo mpira wa zimamoto hauwezi kuungwa hazisaidii. Waiteni askari wa Zimamoto waje waione koki, waseme kinachohitajika.

Lori la mafuta likipinduka karibu na chuo, na hapa malori yanapita kutoka bandarini kwenda Segera, wanafunzi wasiende kuangalia wala kuchota. Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa hivyo.

Masika na vuli

Mitaro izibuliwe kabla ya katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zenye rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chuo kiamue mapema kila rangi inaleta hatua gani. Kwa njano, waliopangiwa vyumba vya chini wapandishe mikoba na vyeti juu. Kwa chungwa, safari za mafunzo zinazovuka mto Zigi au Pangani zisitishwe, na simu na tochi zichajiwe. Kwa nyekundu, vyumba vya chini vihamishwe mchana, si usiku. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikumbusha kwamba pwani yetu nayo hufikiwa.

Zimeni swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye plagi. Yakishafika, mtu asiingie majini kuifuata. Piga simu TANESCO wakate nje. Maji ya mbio yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Vyoo vikifurika, kipindupindu si mbali. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo cha kwenye pakiti. Anayeharisha maji mfululizo aanze kunywa ORS, ile chumvichumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, papo hapo. Isipokuwepo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru. Aendelee kunywa akipelekwa hospitali.

Mtu akiumia

Aliyeungua: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa kabla ngozi haijavimba, funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, asali, unga wa ngano na mafuta hubana joto na kuchafua kidonda.

Aliyenaswa na umeme: zima swichi kwanza, au msukume kwa ufagio wa mti mkavu. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mpaka msaada ufike. Mbadilishane kila dakika mbili, maana anayebonyeza huchoka na kubonyeza juujuu bila kujua.

Aliyeumwa na nyoka: akae kimya, kiungo kisitikiswe, mvue viatu na bangili, mkimbize hospitali ya Bombo. Msikate, msinyonye, msikaze kamba. Jiwe la nyoka halitoi sumu, linakula muda tu. Msimfukuze nyoka ili mumbebe. Mkumbuke rangi na umbo lake.

Anayezama: usimrukie majini, mwokozi naye anaweza kufa. Mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, ukiwa na kamba ni bora. Siku za bamvua maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo aliyetembea kwenye mwamba wakati wa kupwa arudi mara tu maji yanapogeuka.

Aliyebakwa: asioge, asifue nguo, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Dawati la Jinsia liko polisi. Asindikizwe na mtu anayemchagua yeye, na hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi au alivaa nini.

Sanduku la huduma ya kwanza kwa bweni la watu 100: glovu jozi 20, bandeji pana 10, gozi safi pakiti 20, vitambaa vya pembetatu 4, mkasi, ORS pakiti 20, tochi mbili na betri zikiwa nje ya tochi ili zisivujie ndani. Lisifungwe kwa kufuli.

Wanaokaa mageto

Nusu ya usalama wa chuo uko nje ya uzio, Ngamiani, Mabokweni na kwingineko. Kabla ya kulipa kodi, mwanafunzi aulize nani ana ufunguo wa geti usiku, ajaribu nondo za dirisha, atazame meni swichi iko wapi na kama nyaya zinaning'inia. Geti likifungwa saa nne na mwenye nyumba akaondoka na ufunguo, chumba hicho si cha kupanga hata kikiwa nafuu.

Zoezi

Fanyeni mawili kila muhula, moja lake usiku wa saa sita bila kutangaza saa. La mchana huonyesha kidogo sana. Mtu mmoja asimame na saa mlangoni. Lengo ni jengo kuwa tupu ndani ya dakika tatu. Wengine wawili wabaki ndani kwa makusudi, vyumba visivyojulikana, kuona kama hesabu ya uwanjani itawagundua. Mlango mmoja uzuiwe na mlinzi akisema "hapa pana moto", kuona kama watu wanaijua njia ya pili au watarundikana. Walezi na walinzi wa zamu ya usiku lazima washiriki, kwani ndio watakaokuwepo.

Kesho yake asubuhi andikeni kila kilichokwama: komeo gani, filimbi ya nani, chumba kipi hakikuamka. Kila jambo lipewe mtu na tarehe isiyozidi siku saba, na karatasi hiyo ibandikwe mlangoni pa bweni wanafunzi waione.